Maswali ya Wasomaji: Oili Ipi Inafaa Injini ya Tabo?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki gari aina ya Subaru Impreza WRX STI la mwaka 2006 lililoletwa kutoka Japani, lenye injini ya EJ207 ya lita mbili na tabo. Siku za kazi hulitumia mjini, mwisho wa wiki huenda nalo Moshi au Namanga, na mara chache hushiriki mashindano ya klabu yetu kwenye barabara za vumbi upande wa Kisongo. Fundi wangu anasisitiza nitie 20W-50 ya kawaida kwa kuwa nchi yetu ni ya joto na oili nzito ndiyo inayolinda injini. Rafiki yangu ananishauri 0W-20 ya sintetiki, ambayo ndiyo ya bei ya juu kuliko zote dukani. Nimsikilize nani? — Msomaji, Njiro, Arusha.

JIBU: Ndugu yangu wa Njiro, usimfuate yeyote kati yao, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kwa matumizi uliyoyaeleza, mimi ningetia oili ya sintetiki ya 5W-40 yenye alama ya ACEA A3/B4 (ACEA ni chama cha watengenezaji wa magari cha Ulaya), na ni vyema uzijue sababu, ili siku utakapoikosa madukani uweze kuchagua mbadala wake bila kubahatisha.

Namba zilizo kwenye kopo zinatokana na kanuni ya SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, iitwayo J300. Namba inayotangulia herufi W inaeleza tabia ya oili katika baridi kali: uwezo wa 5W kuruhusu injini izunguke wakati wa kuwashwa hupimwa kwenye nyuzijoto 30 chini ya sifuri, na wa 20W kwenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Arusha haiifikii hata mwezi wa Julai. Hata hivyo, asubuhi ya ubaridi wa kawaida oili ya 5W-40 bado ni nyepesi kuliko 20W-50, kwa hiyo huwahi zaidi kufika kwenye beringi na kwenye tabo, ile pampu inayoisukuma hewa ndani ya injini, na sekunde hizo za mwanzo zina maana kwa injini.

Namba ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Hiyo huonyesha mnato wa oili kwenye nyuzijoto 100, lakini kwa gari linalokimbizwa kipo kipimo kingine ambacho wauzaji hawakitaji mara kwa mara, nacho huandikwa HTHS. Kipimo hiki cha mnato hufanywa kwenye nyuzijoto 150 huku oili ikisagwa kwa kasi kubwa, yaani hali inayokaribia ile ya utando mwembamba uliobanwa kati ya krankshafti na beringi zake wakati umekanyaga mafuta hadi mwisho. Oili ya daraja la 20, yaani yenye namba ya pili 20, hutakiwa kufikisha angalau 2.6 (kizio chake ni milipaskali-sekunde), ya daraja la 30 angalau 2.9, na 5W-40 angalau 3.5. Alama ya ACEA A3/B4 nayo hudai 3.5 kwenda juu, hata kama kopo limeandikwa 5W-30. Ndiyo maana makopo mawili ya 5W-30 yanaweza kukaa bega kwa bega dukani, moja likiwa limetengenezwa ili kupunguza ulaji wa petroli na jingine likiwa limetengenezwa kustahimili mwendo mkali, na mteja asiyesoma nyuma ya kopo asiione tofauti yoyote. Ukikosa 5W-40, hiyo 5W-30 ya A3/B4 ndiyo ningeishika badala yake.

Kwa hiyo 0W-20 ya rafiki yako ni oili nzuri iliyopelekwa kwenye injini isiyo yake. Ilikusudiwa injini zilizobuniwa tangu mwanzo kwa oili nyepesi, na EJ207 haimo kati ya hizo.

Hoja ya fundi wako kuhusu joto inahitaji jibu la heshima, kwa sababu mafundi wengi wazuri wanaiamini. Joto la hewa ya nje si kipimo kizuri cha joto la oili, kwani thamostati hulishika joto la maji ya injini karibu mahali pamoja, iwe gari liko Arusha au Dar es Salaam, na kinachoipandisha oili zaidi ya hapo ni namna unavyoendesha. Kwa upande wetu, jambo zito zaidi ni mwinuko. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ili tabo itoe mgandamizo uleule inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa moto zaidi. Mhimili wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukiwa umeelea juu ya oili, upande mmoja ukichomwa na moshi wa ekzosi. Oili ya kawaida katika mazingira hayo huvukiza sehemu zake nyepesi haraka na kuacha masizi magumu, hasa unapozima injini ikiwa bado inawaka moto. Hapo ndipo fedha ya ziada unayolipia sintetiki inapofanya kazi yake, kwa sababu oili hiyo huvumilia joto hilo kwa muda mrefu kabla ya kuharibika.

Nakuomba pia umwelekeze fundi akague bomba la oili linalokwenda kwenye tabo. Katika injini nyingi za Subaru za tabo za kizazi hicho, ndani ya boliti ya bomba hilo huwamo kichujio kidogo cha wavu ambacho masizi yakikiziba tabo hukosa oili na kufa, kisha lawama zote huishia kwenye tabo yenyewe. Utokapo Namanga, kilometa za mwisho ziendeshe taratibu ili joto lishuke kabla hujazima injini.

Injini za aina hii zinasifika pia kwa kunoki, yaani beringi za konrodi kulika hadi injini ikagonga, na mara nyingi chanzo si chapa ya oili bali ni upungufu wake. Kwenye kona ndefu za mwendo mkali oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na ikiwa kiwango kilikuwa chini tangu mwanzo, pampu huvuta hewa na beringi za konrodi hubaki kavu. Pima kwa kijiti kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare, na kabla ya mashindano hakikisha kiwango kiko kwenye alama ya juu bila kuipita. Kwa vumbi la Kisongo, usivuke kilometa 5,000 bila kumwaga oili na kubadilisha filta yake, na filta ya hewa uiangalie baada ya kila shindano, kwa maana vumbi linalopenya hapo huwa mchanga ndani ya oili.

Mwisho, neno sintetiki peke yake lisikufanye utoe pesa. Tafuta alama ya ACEA niliyoitaja, au API SN au SP (za Taasisi ya Petroli ya Marekani), nunua kwa wakala anayejulikana, kagua kizibo na namba ya toleo, na baada ya servisi toboa kopo tupu mwenyewe usije ukamuuzia tapeli chombo cha kujazia oili chafu. Ukishuku bidhaa bandia, peleka taarifa kwa Tume ya Ushindani au TBS.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE iliyokwisha kutembea kilometa 180,000, na tangu niinunue natumia oili ya kawaida. Wenzangu hapa Moshi wananiambia nikihamia sintetiki sili zote zitavuja. Je, ni kweli? — Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba. Hofu hiyo ina asili yake, kwa kuwa oili za sintetiki za mwanzo, zilizoingia sokoni miaka ya 1970, zilikuwa na tabia ya kuzisinyaza baadhi ya sili za mpira. Watengenezaji walikwisha kulirekebisha tatizo hilo kwa kuchanganya viambato vinavyoziacha sili katika unene wake. Kinachoweza kutokea leo ni kwamba sili iliyokwisha kukakamaa kwa umri ilikuwa imezibwa na uchafu, na oili safi ikauyeyusha uchafu huo. Hapo ubovu ulikuwepo tayari, na dawa yake ni kubadilisha sili. Osha injini kwa nje, tembea wiki moja, kisha kagua kuzunguka kava la valvu na sili ya mbele ya krankshafti. Ikiwa pakavu, hama bila wasiwasi, ukitumia 5W-30 au 5W-40. Mabaki ya oili ya zamani yakichanganyika na mpya hayaleti madhara, hivyo huna haja ya kununua dawa ya kusafishia injini kwa ndani, ambayo kwa injini ya umri huo mimi siipendekezi.

SWALI: Oili yangu ya sintetiki huwa nyeusi baada ya kilometa 1,500 tu. Nimeuziwa bandia? — Msomaji, Usa River.

JIBU: Weusi peke yake hauthibitishi hivyo. Oili nzuri huwa na viambato vinavyoyashika masizi na kuyabeba yasigande ndani ya injini, nayo lazima ibadilike rangi. Unachopaswa kukitilia shaka ni oili inayonuka petroli, yenye povu la rangi ya maziwa, au inayopanda juu ya alama bila wewe kuiongeza. Ukiona lolote kati ya hayo, liegeshe gari na umwite fundi hapohapo lilipo.