Mwanangu, acha waitoe

Mwanangu,

Baba yako kanisomea ujumbe wako, kisha akanikabidhi simu akatoka nje. Usimlaumu. Mambo ya huko chini hayazungumzi hata na daktari wake, na anajua mimi nimestaafu kutoka wodi ya upasuaji. Basi jibu utalipata kwangu, na aibu tutagawana.

Umeuliza mawili. Kwa nini daktari anataka kuitoa korodani nzima Jumanne, badala ya kuchukua kinyama kidogo kwanza kikapimwe? Na je, wakishaitoa utaweza kuoa na kuzaa? Umeuliza pia, kwa kupitia pembeni, kama upasuaji unaweza kungoja harusi ipite. Hapana, usingoje. Daktari anashuku ni saratani ya korodani, na kuna aina zake zinazokua haraka mno.

Uvimbe wa titi huchukuliwa kinyama, sawa. Korodani haifanyiwi hivyo, na sababu yake inaanzia tumboni mwa mama. Korodani huumbikia juu, karibu na figo, ndipo zinashuka zikiwa na mishipa yake. Kwa hiyo limfu ya korodani, yaani majimaji yanayopita kwenye tezi, hupanda kwenda kwenye tezi zilizo nyuma kabisa ya tumbo. Ngozi ya mfuko wenyewe ina njia nyingine: limfu yake huenda kwenye tezi za kinena, pale panapotokea mitoki. Ukichoma sindano kupitia mfuko hadi kwenye uvimbe, unaweza kuzifungulia seli za saratani njia ya pili ambayo hazikuwa nayo. Ndiyo maana daktari atakata kinenani, kama anayeshona ngiri, aivute korodani kwa juu, aifunge kamba yake na kuitoa. Yote inakwenda maabara. Hapo ndipo mtakapojua kama ni seminoma au aina nyingine, na kwa wengine tiba huishia hapo hapo.

Tena daktari wako habahatishi. Utrasaundi imeonyesha uvimbe mgumu ndani ya korodani, si maji yanayoizunguka. Huku kwetu pwani kila kinachovimba huko huitwa busha, na kwa jinsi matende yalivyotusumbua sishangai. Lakini nimepokea wodini vijana waliokaa miezi wakinywa mizizi ya busha ambalo halikuwa busha, kwa sababu tu halikuwauma. Saratani hii mara nyingi haiumi mwanzoni. Wewe umekwenda mapema, na hilo nalishukuru.

Wala usitafute wa kumlaumu. Hukuipata kwa kupigwa mpira, wala si adhabu ya jambo lolote ulilofanya faraghani, hapo sitaendelea. Kinachojulikana kuongeza uwezekano ni korodani iliyokataa kushuka utotoni. Yako ilishushwa kwa upasuaji ukiwa mdogo, na kovu bado unalo. Mkumbushe daktari.

Kabla ya Jumanne hakikisha wamechukua damu ya kupima AFP, beta-HCG na LDH, vitu vinavyoweza kupanda kwenye damu ukiwa na saratani hii. Ukiona HCG usicheke: ndiyo homoni inayotafutwa na kipimo cha mimba, na baadhi ya vivimbe hivi huitengeneza. Damu hiyo watairudia baada ya upasuaji. Namba zilizokuwa juu zikigoma kushuka, kuna kitu kimebaki mahali. Pia utapigwa picha ya CT ya tumbo na kifua.

Ikionekana saratani haijatoka kwenye korodani, huenda ukaambiwa uwe unarudi tu kupimwa, kwa miaka kadhaa. Usione kwamba wamekutupa. Huo nao ni mpango wa tiba, mradi usikwepe tarehe. Ikiwa imesambaa, utapewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kwa kawaida bleomisini, etoposidi na sisplatini, mizunguko mitatu au minne. Sisplatini ina madini ya platini ndani yake. Kabla yake, saratani hii ikishasambaa wengi walikufa. Mwaka 1974 huko Indianapolis daktari Lawrence Einhorn aliichanganya na dawa nyingine mbili, na wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa wakapona. Leo hata wale ambao imeshasambaa, wengi wao hupona. Ikigunduliwa ingali kwenye korodani, karibu wote.

Unamjua Sébastien Haller, mshambuliaji wa Ivory Coast, kuliko mimi. Julai 2022, siku chache baada ya kujiunga na klabu ya Dortmund, alikutwa na uvimbe huo. Akapasuliwa mara mbili, akapata kemo, Januari 2023 akarudi uwanjani. Februari 2024 ndiye aliyewafunga Nigeria bao la ushindi kwenye fainali ya AFCON pale Abidjan. Baba yako alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Kemo si mchezo lakini. Kutapika siku hizi kuna dawa nzuri. Mimi naogopea zaidi masikio kuvuma, ganzi vidoleni na figo; ukisikia lolote sema siku hiyo hiyo. Bleomisini hugusa mapafu, kwa hiyo sigara (unadhani sijui) zikome sasa, na ukiwahi kuitumia dawa hiyo, kila daktari wa usingizi atakayekushika maishani aambiwe.

Sasa la kuzaa. Korodani moja nzima inatosha kwa mbegu na kwa homoni. Ndevu, sauti na tendo la ndoa vinabaki. Ukichukia pengo, ipo ya bandia. Hatari iko kwenye kemo: inaweza kukata mbegu kwa muda, na kwa wachache moja kwa moja. Kwa hiyo uliza kesho, si baada ya dawa, kuhusu kugandisha mbegu. Ni huduma ya kulipia na si kila hospitali inayo, ila sisi wawili tutachanga. Na mchumba wako aambiwe na wewe kabla ya Jumanne. Asije akasikia kwa mawifi.

Baba yako anapanda basi la Jumapili. Atazungumza mpira tu, mwache. Picha ya majibu ya damu nitumie mimi. Nataka kuziona namba za sasa kabla hazijarudiwa.

Mama