CRP ya kaka imepanda: je, ndiyo inayomletea sauti?

Dada wa Langoni, pole kwanza. Umeandika kwamba kakako anasikia sauti, chakula hakigusi akidhani kimetiwa kitu, na maabara moja imemtoa CRP ya 18 ikawaambia ugonjwa wa akili umeonekana kwenye damu, sasa mlipie pakiti nyingine ya vipimo ijulikane ni wazimu gani. Hela hiyo usitoe.

Mimi nauguza mdogo wangu hapa Malindi, miaka sasa. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu: jino bovu, kifua, kidonda. Hata unene na sigara huipandisha kidogo. Ni kweli watafiti wakipima makundi ya watu wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu, kama haya ya kakako) hukuta CRP na IL-6, protini nyingine ya kinga ya mwili, ziko juu kidogo kuliko kwa wengine, na baadhi yao wamezihusisha na kule kujitenga na akili kuwa nzito. Lakini hayo ni ya makundi. Wagonjwa tele wana CRP ya kawaida, na wako watu timamu wenye 18 ambao saa hii wako baharini wanavua. Kipimo cha damu cha kuthibitisha skizofrenia hakipo, si Lamu, si Nairobi, si London. Daktari huijua kwa kuzungumza na mgonjwa na nyinyi mnaoishi naye. Hiyo 18, mtazameni meno na kifua kwanza.

Kupima damu kuna kazi mbili nyingine. Ya kwanza ni kuondoa magonjwa yanayojifanya wazimu: malaria, VVU, kaswende, sukari, tezi ya thairoidi, chumvi za mwilini, figo. Mdogo wangu alikataa kutolewa damu, aliamini inapelekwa kwa mtu. Kijana wa maabara hakugombana naye. Alimpa sindano aifungue mwenyewe kwenye karatasi yake, akampa na kalamu aandike jina lake kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndipo akanyoosha mkono. (Muguka na bangi msimfiche daktari, hata kama mama yupo.)

Mabadiliko yakija ghafla, ndani ya siku au wiki chache, pamoja na homa, degedege au mdomo kuchezacheza wenyewe, mkimbizeni hospitali kubwa. Kuna ugonjwa uliotambuliwa mwaka 2007 ambapo kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Huo hutafutwa hasa kwenye maji ya uti wa mgongo, na una matibabu yake.

Kazi ya pili ni kuichunga dawa, na hii ndiyo watu wanaisahau. Olanzapine ilimtuliza mdogo wangu, ila suruali zikaanza kumkataa na soda hazimtoshi. Sukari na mafuta ya damu vipimwe kabla ya kuanza, kisha kila baada ya muda. Risperidone na haloperidol hupandisha homoni ya prolaktini: mwanamke hukosa hedhi au hutoa maziwa, mwanamume huvimba kifua na hamu ya ndoa hupotea. Wanaume hawasemi, huacha vidonge kimyakimya, halafu nyumba nzima inashangaa sauti zimerudi. Muulize faragha, au amuulize mwanamume mwenzake.

Clozapine ndiyo kali zaidi. Finland mwaka 1975 iliua watu kwa kumaliza chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa, ndiyo maana utaratibu uliozoeleka ni kuzihesabu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo. Anayeimeza akipata homa na koo kuuma, apimwe siku hiyohiyo.

Na kombe, yale maji ya aya za Kurani? Mama yetu humnywesha mpaka leo na sijamzuia, bora kidonge kimezwe mbele yake pia.

Mkienda kliniki bebeni karatasi zote za maabara, hata hiyo ya CRP. Majibu ya sukari na thairoidi ukiyapata yaweke hapa, jina la kakako ulifute kwanza.