ULIZA FUNDI: Nivunje grupu letu la Python?

Kaka Fundi, habari za kazi. Mi niko Jinja, ni admini wa grupu la WhatsApp la watu wanaojifunza Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Tulianza watu 14 wa chuoni, sasa tuko 380, wengine wako Arua, Kasese mpaka Goma huko. Fujo imezidi. Mtu anauliza kitu cha maana saa mbili, ikifika saa tatu swali limeshafunikwa na stika, matangazo ya kazi na jamaa mmoja anayeuza laptopu. Nataka nifungue magrupu manane: la wanaoanza, la Django (ile ya kutengenezea tovuti kwa Python), la data, la wadada, la kazi, la stori tu na mengine. Wenzangu wanasema nitaua kila kitu. We unaonaje?
– Admini aliyechoka, Jinja

Pole sana Admini, ila wenzako wanasema kweli. Manane? Mi mwenyewe niliwahi kufungua sita usiku mmoja nikajiona mtu wa mipango kweli kweli, mwezi haujaisha manne yalikuwa na meseji moja moja tu, ile yangu ya "karibuni". Manake ukigawa grupu hugawi maswali peke yake, unagawa na wale watu saba wanane wanaojibu, na hao hawazaliani eti kwa sababu umefungua mlango mpya.

Shida hii haijaanza na sisi. Watu wa Python walipata kundi lao kwenye Usenet, ule mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, mwaka 1994, miaka mitatu tu baada ya Guido van Rossum kuitoa hiyo lugha, likaitwa comp.lang.python, wanaoanza na mafundi wote humohumo. Baadaye likaongezwa la matangazo, ambalo kila tangazo linapita kwanza kwa msimamizi. We anzia hapo. Fungua grupu la pili la matangazo na kazi, admini tu ndo waposti, halafu tulia. Ukiona watu wa Django wanajibizana wenyewe kila siku mpaka wengine wanalalamika, wape lao, ila waombe wao na mmoja wao akubali kulisimamia. Asipojitokeza mtu basi bado halijaiva. La wadada usiliamue wewe, waulize wenyewe.

La wanaoanza ndo silitaki kabisa, utakuta vipofu wanaongozana.

Sasa hiyo fujo, nusu yake inatoka kwenye namna ya kuuliza. Mtu anapiga picha skrini kwa simu, imepinda, taa imewaka katikati, anaandika "haifanyi, msaada" basi. Nani atasoma hiyo? Sema kodi, namaanisha ya kompyuta siyo ya URA, wale wakusanya kodi wa Uganda, ibandikwe kama maandishi, katikati ya vile vialama vitatu ``` mwanzo na mwisho, na kosa zima libandikwe chini yake. Kuna simu zinapinda alama za nukuu zenyewe, mtu anakopi jibu lako zuri, Python inamrushia SyntaxError, yaani kosa la uandishi, anakuja kukwambia umemdanganya. Na zile nafasi za mwanzo wa mstari zikipotea ndo imekufa kabisa, Python inazitegemea.

Voisinoti nazo punguzeni. Ule ushuru wa mitandao ya kijamii wa Uganda wa 2018, shilingi 200 kila siku, uliondoka 2021 ikaja asilimia 12 kwenye data, kwa hiyo dakika zako nne za "yaani, sasa, unajua" kuna mtu Kasese anazilipia, na kesho hata wewe huwezi kuzisachi.

Nafasi bado mnayo, WhatsApp inaishia watu 1,024. Mkikaribia hapo angalieni Telegram, inakubali kugawa mada ndani ya grupu hilohilo moja, watu hawatawanyiki.

Huyo wa laptopu msimfukuze. Mpeni Jumamosi.