Grep, sheli na ile ng' ya Chang'ombe

Wadogo zangu mnaoanza kazi za kompyuta hapa Dar, mimi grep (amri ya kutafuta maneno ndani ya faili) ilinikomesha kwa jina la mtaa.

Mwezi wangu wa kwanza kazini bosi aliuliza tumepeleka oda ngapi Chang'ombe. Oda zote zilikuwa kwenye faili moja la maandishi. Nikaandika kwa kujiamini:

grep 'Chang'ombe' oda.txt

Ikatokea alama ya > halafu kimya. Nikajua inatafuta, nikaenda kunywa chai. Narudi, > ipo palepale.

Kumbe sheli (siyo ile ya mafuta, ni programu inayopokea amri unazoandika) ndiyo inayosoma amri kwanza, grep inaletewa kilichobaki. Sheli iliona nukuu ya kufungua, ikaichukua ile ya ng' kuwa ya kufunga, na ya mwisho ikawa imefungua upya. Ilikuwa inaningoja mimi nifunge! Ukikwama hivyo bonyeza Ctrl-C, kisha tumia nukuu mbili: "Chang'ombe". Sisi hili linatuhusu sana, tuna Mang'ula na ng'ombe.

Nikapata jibu, nikampelekea bosi. Akacheka: daftari la madereva lilikuwa na oda nyingi zaidi. Hapo ndipo nilipoumia kweli, maana safari hii hapakuwa na kosa lolote lililoonekana. Nikafungua mstari mmoja uliorukwa kwa cat -A (amri inayoonyesha hata alama zilizojificha), nikakuta hivi:

ChangM-bM-^@M-^Yombe

Mteja aliandika kwa simu, na simu nyingi hugeuza ' kuwa ’ iliyopinda. Machoni ni mapacha. Kwa kompyuta, ya kwanza ni baiti 1, ya pili ni baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti. Nilijaribu Chang.ombe, kwa kuwa nukta hukubali herufi yoyote moja. Mezani ikafanya kazi, lakini kwenye kroni (inayoendesha amri yenyewe kwa saa ulizopanga), ambako mpangilio wa lugha ulikuwa C, unaohesabu kila baiti kuwa herufi, nukta ikawa baiti moja tu na iliyopinda ikapotea tena. Iliyonitoa ni hii, ambapo -E inaruhusu kusema "hii au ile" kwa alama ya |:

grep -E "Chang('|’)ombe" oda.txt

Ila nukuu mbili nazo zina lake. Andika grep "$50" oda.txt uone: kwa sheli dola hutangulia jina la kisanduku cha kuhifadhi maneno, inaona $5, haina kitu ndani, inaifuta, grep inatumwa kutafuta 0. Karibu faili zima linamwagika. Ukitafuta dola yenyewe rudi kwenye nukuu moja, uongeze -F ili grep isome kila alama kama ilivyo: grep -F '$50' oda.txt.

Ndani ya skripti, neno likitoka kwa mtumiaji na kuwekwa kwenye kisanduku kiitwacho neno, mimi siandiki tofauti na hivi:

grep -F -- "$neno" oda.txt

Vile vistari viwili msivifute mkidhani ni urembo: vinaiambia grep kwamba swichi (maagizo ya kubadili utendaji wake, kama -F) zimeisha. Kabla sijaviweka, niliwahi kupigiwa simu saa nne usiku kwa sababu mtu alitafuta -v. Grep iliichukua kuwa swichi, oda.txt ikawa ndiyo neno la kutafutwa, yenyewe ikakaa kungoja maandishi kutoka kwenye kibodi.