"Comeuppance" sio adhabu tu, kwa mnaoanza kutafsiri

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya sabtaito, kuna neno moja la Kiingereza nataka tukae nalo, maana kila kundi jipya naona linajikwaa palepale. Ni "comeuppance". Ukifungua kamusi unakuta imeandikwa ni adhabu anayostahili mtu, na wewe una dedilaini, unaandika "adhabu" unasonga mbele.

Na mimi niliandika hivyo. Ilikuwa tamthilia, kuna jamaa kadhulumu shamba la mjane, akachukua mkopo juu ya mkopo kwa tamaa, mwishoni nyumba yake mwenyewe inapigwa mnada, majirani wamesimama getini wanaangalia makochi yanatolewa nje, halafu bibi mmoja anasema taratibu tu kwamba jamaa "got his comeuppance". Nikaweka "Amepata adhabu yake". Mhariri akanirudishia faili na swali moja: nani kamwadhibu? Nikaiangalia ile sehemu mara tatu, hakuna polisi, hakuna hakimu, hakuna hata aliyemgusa. Nikabadilisha, "Kakiona cha mtema kuni". Akasema sawa maana imekaa, ila msikilize huyo bibi, haongei kwa kelele, hiyo ni sentensi ya vijana wa kijiweni. Tukaishia kwenye "Yamemrudia mwenyewe", na hapo ndo nikaelewa kazi yangu ilikuwa nini.

Adhabu kwa Kiswahili ina mtoaji: mzazi, mwalimu, mahakama, Mungu. Comeuppance inakuja yenyewe, kutoka kwenye yaleyale mtu aliyoyafanya. Kwa hiyo mara nyingi usihangaike kutafuta nomino, tafuta kitenzi: yamemkuta, yamemrudia, yamemtokea puani, kajitakia, arobaini zake zimefika. Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa, ni wewe tu kuchagua kinachofanana na mdomo wa anayeongea.

Asili yake ni Marekani, maandishi yanaanza kulionyesha katikati ya karne ya 19, na maelezo ya kawaida ni kwamba limetoka kwenye "come up", yaani kufika mbele ya hakimu. Mbona na sisi tunasema mtu kapandishwa kizimbani! Mimi nilivyoliona hilo nililipenda neno kabisa. Siku hizi mahakama imebaki kwa mbali, kilichobaki ni mtu aliyejiona kafika, aliyezoea kufanya ubaya bila kuguswa, halafu siku moja anashushwa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Neno hili lina hukumu ndani yake, anayelitamka anasema ilimstahili, na mara nyingi karidhika. Kuna kijana tulikuwa naye alipewa habari ya kupeleka kwenye Kiingereza, mtuhumiwa wa wizi wa pikipiki kapigwa na wananchi wenye hasira kali, yuko hospitali, kesi haijasikilizwa. Akaandika jamaa kapata comeuppance yake. Habari ya Kiswahili haikusema hivyo popote! Ilisema kapigwa. Huyo mtu hata hakimu hajamuona na wewe mtafsiri ushamhukumu kwa neno moja, na msomaji wa mbali hatajua kama hukumu ni yako au ya mwandishi. Kwenye habari za namna hiyo liweke mbali kabisa, andika kilichotokea. Vilevile mtoto mwenye njaa kachukua mkate akachapwa, hiyo siyo comeuppance, labda anayeongea awe mtu katili na wewe unataka ukatili wake uonekane.

Matumizi mengine ni mepesi. Linapenda kutembea na "get" na mwenye nalo, his, her, their. Wingi karibu halina. P ni mbili na ile e ya "come" haidondoki. Mkazo uko kwenye "ap", sisi tunavutika kuuweka kwenye "pan" kwa sababu ya mazoea ya Kiswahili. Kwenye hati za kisheria msilitumie, huko "adhabu stahiki" ina maneno yake rasmi.

Ndugu yake ni "just deserts", na huyu anaumiza watu zaidi. Ni s moja katikati, lakini linatamkwa sawasawa na kile kitamutamu cha baada ya chakula chenye s mbili, mpaka Waingereza wenyewe wanakosea kuandika. Limepitia Kifaransa cha zamani na ni ukoo mmoja na "deserve", kustahili, jangwa halihusiki kabisa ingawa herufi ni zilezile. Jangwa mkazo uko mwanzo, hili mkazo uko mwisho. Kwa hiyo ukikutana nalo kwenye skripti usiishie kusoma, vaa hedifoni usikilize mwigizaji kalitamkaje, halafu ndo uandike "kapata alichostahili".