Siku ya tatu wodini: nani anaisimamisha dawa?

Nimekuwa mfamasia wa hospitali hapa Tanzania kwa miaka 11, na kama ningeruhusiwa kubadili jambo moja tu katika namna tunavyotumia antibiotiki wodini, ningeanza na siku ya tatu. Mara nyingi dawa huanzishwa usiku, mgonjwa akiwa na homa kali na majibu ya maabara hayapo, na daktari wa zamu hufanya linalompasa, kwa kuwa mgonjwa anayeonekana kuwa na maambukizi ndani ya damu hasubirishwi. Kosa letu huja baadaye. Raundi ya asubuhi huandika "endelea na matibabu", kesho yake vilevile, na dawa iliyoanzishwa kwa tahadhari hubaki bila mtu wa kuisimamisha.

Namkumbuka mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya nne nilimkuta akinyonyesha kwa kutumia mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umevimba pale ilipoingia kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa mshipani, na mshipa umekuwa mwekundu na mgumu kama kamba. Faili lilionyesha antibiotiki mbili: seftriaksoni ya sindano gramu 1 kila siku na metronidazoli ya dripu mara tatu kwa siku, lakini sababu haikuandikwa popote. Hakuwa amepata homa hata mara moja, na kidonda kilikuwa kikavu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, na isiendelezwe upasuaji ukishakwisha. Kwa upasuaji wa uzazi usio na matatizo, dozi moja ya ampisilini au sefazolini hutosha. Daktari alikubali kusimamisha zote mbili papo hapo. Aliyekuwa na wasiwasi ni mama mkwe, ambaye alinifuata hadi mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, mbona mnamkatisha dozi?" Nilimjibu, "Mama, hakuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Alipewa kinga, na kinga hiyo imeshafanya kazi yake." Nawasihi wenzangu wasione maelezo kama hayo yanapoteza muda, kwani ndugu asiyeelewa atakwenda kununua dawa ileile nje.

Naelewa kwa nini tunaipenda seftriaksoni: hutibu maambukizi mengi, na mara nyingi huchomwa mara moja kwa siku, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa muuguzi aliyebaki peke yake na wodi nzima. Hata hivyo, tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu matumizi yake makubwa huwapa nafasi bakteria wa tumboni wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Bakteria hao wakisababisha ugonjwa, mara nyingi tunalazimika kukimbilia meropenemu, ambayo familia nyingi haziwezi kuigharimia.

Kwa hiyo, ndugu daktari na tabibu mnaoanza kazi, unapoandika antibiotiki andika pia sababu yake na tarehe ya kuipitia upya. Mimi huchora mstari wima kwenye karatasi ya dawa, baada ya saa 48, ili anayefanya raundi asiupite bila kuamua kama dawa iendelee, ibadilishwe au isimame. Pale ambapo maabara inaweza kuotesha damu au mkojo, chukua sampuli kabla ya dozi ya kwanza, maana ikichukuliwa baadaye bakteria wanaweza wasiote. Mgonjwa akianza kula vizuri, metronidazoli ya vidonge hufyonzwa karibu yote, hivyo dripu haina faida ya ziada kwake. Usimwanzishie mtu matibabu ya taifodi kwa kipimo cha damu cha Widal pekee, kwa kuwa kipimo hicho hupima kingamwili, ambazo zinaweza kuwa zimebaki kutokana na maambukizi ya zamani.

Wewe uliye na mgonjwa wodini una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, naomba kufahamu, dawa hii inatibu nini, na itapitiwa lini?" Usiisimamishe mwenyewe. Siku ya kumpeleka hospitali, beba maboksi na pakiti za dawa zote alizotumia nyumbani, hata zile mlizonunua dukani bila cheti, na uzitaje bila kuona aibu, kwa kuwa vidonge viwili vya juzi vinaweza kubadilisha majibu ya maabara na uamuzi wa daktari.