Namba ya Mkiani: Kuitambua Ndege ya Kivita Katika Picha ya Zamani

Hapa Tanga zipo familia ambazo bado zinatunza picha za babu zao waliopigana Burma mwaka 1944 wakiwa askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), na katika baadhi ya picha hizo, nyuma ya askari, inaonekana ndege. Wenye picha wanaponiletea niwasomee, huuliza kwanza kama ndege ile ingalipo. Swali hilo linajibika, ila linataka subira.

Picha iliyogandana na albamu kwa unyevu wa pwani isibanduliwe kwa nguvu. Iskani mbele na nyuma kwa ubora wa juu, kisha uikuze sehemu baada ya sehemu. Aina ya ndege haisumbui sana: Dakota, kwa mfano, ndege ya kubebea askari na mizigo, ina injini mbili, mabawa yaliyo chini ya kiwiliwili, mlango mpana wa mizigo ubavuni kushoto na gurudumu dogo mkiani.

Alama ya duara, yaani alama ya taifa iliyochorwa kwenye kiwiliwili na mabawa, ndiyo inayohitaji jicho la makini. Katika vita vya Asia, Waingereza waliiondoa rangi nyekundu katikati ya duara lao ili ndege zao zisidhaniwe kuwa za Wajapani, ambao alama yao ilikuwa duara jekundu. Hata hivyo, filamu nyingine za zamani zilitoa nyekundu kama nyeusi na buluu kama kijivu hafifu. Kwa hiyo linganisha kivuli cha duara na kitu kingine pichani ambacho rangi yake unaijua, kabla hujataja mahali wala mwaka.

Kisha tafuta namba. Ndege ya Uingereza mara nyingi iliandikwa karibu na mkia herufi mbili na tarakimu tatu, na hiyo ndiyo ya kufuatilia, kwa sababu herufi kubwa za kikosi zilibadilika kila ndege ilipohamishwa. Wamarekani waliandika namba mkiani bila tarakimu ya kwanza ya mwaka, hivyo 292847 ni 42-92847. Ndege hiyo, iliyoongoza msafara mkuu wa askari wa miavuli kwenda Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ilikutwa mwaka 2015 katika karakana ya Oshkosh, Wisconsin, na namba ndiyo iliyoitambulisha.

Lakini rangi peke yake si ushahidi. Dakota KG374 ilidunguliwa Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944, na miaka mingi baadaye Dakota nyingine, ZA947, ilipakwa rangi na namba za KG374 kwa heshima ya David Lord, rubani wa KG374. Anayelinganisha picha mbili tu atasema KG374 imenusurika. Kwa sababu hiyo mimi hufuata kumbukumbu za umiliki tangu kiwandani hadi leo, na pale mnyororo unapokatika, huiambia familia waziwazi kwamba tumeijua aina, si ndege yenyewe. Nyuma ya nakala, kamwe si nyuma ya picha halisi, andika kwa penseli herufi ulizozisoma kwa hakika, na ulizozikisia uziwekee alama ya kuuliza.